Mayala Mshika Mnyororo na Mawe Arobaini ya Ng'ambo

Unajua mawe manne ya mpaka wa kiwanja chako yako wapi leo? Usinijibu kwa kubahatisha. Toka nje, zunguka pembe zote nne, inama, angalia. Ukikuta jiwe, hongera. Ukikuta shimo, rudi jikoni ukainue sufuria.

Hilo la jikoni mimi sikulijua mwezi wa Agosti mwaka 1972, nilipoteremka kwenye treni Tabora nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, cheti cha chuo ambacho wino wake ulikuwa bado unanuka, na bahasha nene ya fomu. Serikali ilikuwa inapeleka madaraka mikoani, na wakubwa wetu walitaka kujua ni ofisi zipi ndogo za viwanja zinafanya kazi na zipi zimelala. Mimi ndiye niliyetumwa kupima ofisi ya Ng'ambo, mtaa mmojawapo wa mji huo. Nilijiona nimebeba nchi nzima begani, na nilikuwa na haraka ya kuitua mahali pazuri.

Fomu ilikuwa na masharti mepesi. Chagua viwanja ishirini kwa kura kutoka kwenye daftari. Tafuta jalada la kila kiwanja na uandike dakika ulizotumia. Kisha nenda uwanjani ukaangalie kama mawe yake yote manne yapo mahali pake. Jiwe moja likikosekana, kiwanja kimeshindwa. Viwanja kumi na tano vikifaulu kufikia siku ya kutiwa sahihi, ofisi inabaki. Vikipungua hapo, ofisi inafungwa, majalada yanapakiwa kwenye behewa kwenda mkoa mwingine, na wafanyakazi wake wawili wanarudi nyumbani.

Niseme ukweli: nilikuja kufunga. Chuoni nilikuwa nimesimama mara tatu kwenye mdahalo nikasema kwamba ofisi isiyomtumikia mkulima na mfanyakazi ni kupe, na kupe hang'olewi kwa adabu. Nilipigiwa makofi mara zote tatu.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na kibaraza. Kwenye chumba cha mbele alikaa karani, Humaidi bin Nabhan, mzee wa kofia ya mkono ambaye babu zake waliuza nguo Tabora tangu enzi za misafara. Chumba cha nyuma kilikuwa masjala, na mlango wake ulizuiwa na jiwe ili upepo usiufunge. Nililitumia jiwe hilo kupangusia viatu vyangu kila asubuhi kwa siku tisa. Kumbuka jiwe hilo.

Kibarazani alisimama mtu mrefu, mwembamba, mwenye kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, na mnyororo wa kupimia umeviringishwa begani kama nyoka aliyeshiba. Huyo ndiye mshika mnyororo wa ofisi, na ndiye ninayetaka kukusimulia habari zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka stesheni kwa miguu?"

"Ndiyo."

"Hatua elfu moja mia tisa na sita, ukipitia kwenye duka la mikate. Ukikwepa duka la mikate unaokoa hatua arobaini, lakini unakosa mkate." Akaangalia miguu yangu. "Zako ni fupi kidogo. Tuseme elfu mbili mia moja."

Jina lake Mayala Kashindye. Alizaliwa Lusu, upande wa Nzega, kwa watu wa mtama na ng'ombe wachache ambao kila mmoja alikuwa na jina lake. Babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka Unyanyembe hadi pwani mara nne na kurudi mara nne, na alipozeeka alimpenda mjukuu huyu kwa sababu alikuwa na miguu mirefu na hakulalamika. Siku moja alimchukua kwenye njia ya zamani ya misafara, ambayo wakati huo ilikuwa imemezwa na nyasi, akachimba kwa kijiti mahali ambapo hapakuwa na dalili yoyote. Kwenye kina cha kiganja ukatoka mkaa. "Hapa tulipika," akasema, "kabla baba yako hajazaliwa." Wakaenda mwendo wa siku nzima, na kila kambi aliyoitaja mzee ilikuwepo, chini ya mchanga, nyeusi, inangoja.

Mwaka 1946 alikuja mpimaji mmoja Mzungu mwenye darubini na homa isiyokwisha kuipima Ng'ambo. Akamkuta Mayala amesimama barabarani, akamkabidhi ncha ya mnyororo, na Mayala hajaiachia tangu siku hiyo. Alichimba shimo la kila jiwe la mpaka. Mawe hayo yalikuwa ya saruji na kokoto, yote ya urefu mmoja, yenye kipande cha chuma kichwani kilichogongwa namba. Na kabla ya kuweka jiwe, Mayala alimwaga shimoni konzi mbili za mkaa. Mpimaji alimwuliza ni uchawi gani huo. Mayala akamjibu kwamba ni uchawi wa babu. Mpimaji akatetemeka, sijui kwa homa au kwa uchawi, akamwacha.

Kisha aliongeza jambo la pili, ambalo pia halikuwa kwenye kanuni. Jiwe likishashindiliwa, aliwaita majirani wote wanaopakana hapo. Kila mmoja akasimama juu ya jiwe kwa mguu mmoja na kutaja jina lake kwa sauti, wenzake wakisikia. Wazee walipepesuka, vikongwe walishikiliwa viuno, watu walicheka, na siku hiyo haikusahaulika.

Basi tukapiga kura. Humaidi aliandika namba kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kopo la kahawa, nami nikachomoa ishirini. Cha mwisho kilikuwa kiwanja cha ofisi yenyewe. Tulicheka, tukakiacha kiwe cha kufungia kazi.

Kwenye majalada nilipata pigo la kwanza. Ofisi niliyoipima kabla ya hapo ilitumia siku sita kupata jalada moja, na lilipopatikana lilikuwa la mtu mwingine. Humaidi alifumba macho. "Kiwanja mia moja na nane? Huyo anapakana na Saleha mshona kofia, na Saleha anapakana na fundi baiskeli..." Akaingia masjala, akatoka na jalada. Dakika tatu. Alikuwa ameyapanga majalada kama nyumba zilivyopangana mtaani, jirani ubavuni mwa jirani, si kwa namba. Nilimwambia huo si utaratibu. Akanijibu kwa upole, "Bwana mdogo, namba hazikopeshani chumvi. Majirani hukopeshana, hugombana, na huja hapa wawili wawili. Nikimpata mmoja nimewapata wote." Majalada ishirini, dakika sabini na moja. Niliandika huku nimekunja uso.

Uwanjani uso ulikunjuka. Kiwanja cha kwanza: shimo, shimo, jiwe, shimo. Cha pili: mashimo manne. Cha tatu: jiwe moja na kuku aliyelala shimoni. Mayala alitembea mbele yangu, akihesabu kwa midomo, akisimama kila mahali panapostahili jiwe na kuashiria chini kwa kidole kama mtu anayemtambulisha mgeni ambaye hayupo. Mimi niliandika *halipo, halipo, halipo*, na kalamu yangu iliimba.

Siku ya nane nilikuwa nimemaliza viwanja vyote isipokuwa kile cha ofisi. Vitatu vimefaulu. Mawe thelathini na tisa hayapo. Kwenye kiwanja cha ofisi nikakuta mawe matatu na shimo moja. Arobaini!

Nilisimama kwenye shimo hilo la arobaini nikauliza kwa sauti ya mdahalo, "Ndugu Mayala, mtaa mzima mawe yake yamekwenda wapi? Ni nani aliyemwibia mwananchi mipaka yake?"

Aliyejibu si yeye. Alikuwa Bi Tufaha, balozi wa nyumba kumi wa hapo, mama mnene, mwenye sauti ya kufungulia mkutano, ambaye alikuwa akipita na beseni la vitumbua kichwani.

"Nani? Sisi! Wewe Bwana Fomu, mwaka sitini na tatu ulikuwa wapi?"

"Shuleni, mama."

"Ndiyo maana. Sisi tulikuwa mkutanoni. Alisimama mkubwa jukwaani akasema umiliki wa kikoloni wa ardhi umekufa leo, ardhi yote sasa ni mali ya umma. Tukapiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Tukarudi nyumbani tukajiuliza, huyo mkoloni aliyekufa amebaki wapi? Ndipo tukayaona yale mawe yake pembeni, yana namba vichwani. Ebo! Tukachukua majembe. Jua halijazama Ng'ambo nzima ilikuwa inang'oa mkoloni, na nyimbo juu. Mimi niling'oa wakoloni wangu watatu, nikawapeleka jikoni, nikawapikia maharage. Miaka tisa hawajawahi kulalamika."

"Lakini hizo hazikuwa alama za mkoloni! Hizo ni alama zenu wenyewe!"

"Tuliambiwa wiki iliyofuata. Lakini wewe unajua kupika?"

"Hapana."

"Basi huwezi kujua. Mji huu ni mchanga mtupu. Mpaka upate mawe matatu yanayolingana, sufuria isilale upande, utazeeka. Na yale yalikuwa yamelingana kama mapacha. Nani angeyarudisha?" Akamgeukia Mayala. "Na huyu naye alipiga vigelegele siku ile, kanipita mimi. Mwulize."

Mayala aliangalia mbali. "Nilipiga," alisema. "Sikujua wataanza na mawe yangu."

Bi Tufaha akaenda zake akicheka mpaka vitumbua vikatikisika. Mimi nikabaki nimeduwaa, kwa maana nilikuwa nimekuja kumtafuta adui wa umma, na adui alikuwa ni furaha ya uhuru wenyewe, imekalia mafiga.

Hata hivyo fomu ni fomu. Nilimweleza Mayala pale pale, bila kumficha. Mkubwa wangu, Ndugu Shilinde, angefika kwa treni ya keshokutwa asubuhi. Angetia sahihi saa sita mchana. Vitatu kati ya ishirini, ofisi imekwisha, na kazi yake imekwisha pamoja nayo.

Alitembea hatua kumi na nne. Nilizihesabu, nilikuwa nimeshaambukizwa.

"Wakipeleka majalada mkoa mwingine," akauliza, "mjane wa hapa akigombana na jirani kuhusu ukuta, atapanda treni?"

"Ndiyo utaratibu utakavyokuwa."

"Na huko atamkuta nani anayejua ukuta wenyewe?"

Swali hilo lilinikasirisha. Nilimwambia mtaa usio na mawe hauna mipaka, na mtu hawezi kulinda kitu kisichokuwepo. Hapo akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayeangalia mfereji ulioziba.

"Chukua ramani yako na utepe wako," alisema.

Tukarudi kiwanja cha kwanza. Akasimama ukutani kwa fundi baiskeli, akatembea hatua ishirini na nane, akageuka, akatembea hatua kumi na moja, akachuchumaa, akachimba kwa kijiti. Kwenye kina cha kiganja ukatoka mkaa. Nilivuta utepe kutoka kwenye jiwe lililobaki, nikalinganisha na ramani. Tofauti ilikuwa upana wa kidole. Nikasema ni bahati. Tukaenda cha pili. Mkaa. Upana wa kidole. Cha tatu tulimhamisha kuku. Mkaa! Kufikia alasiri ya siku iliyofuata nilikuwa nachimba mwenyewe kwa mikono, suruali yangu ya Dar es Salaam imekuwa nyeusi magotini, nikipiga kelele kila mkaa ulipotokea, na watu wakitoka madirishani kuuliza kama Bwana Fomu amepagawa. Mashimo arobaini, mkaa arobaini. Hakuna jirani hata mmoja ambaye ukuta wake ulikuwa umevuka mstari. Nilipowauliza kwa nini, kila mmoja alinijibu kitu kile kile: alisimama kwa mguu mmoja, mbele ya fulani na fulani, akataja jina.

Ningekuwa na madaraka ningeipa ofisi ile nishani. Lakini swali la fomu lilikuwa moja, jiwe lipo au halipo, na mimi si mtu wa kuandika uongo hata kwa ajili ya jambo jema.

Jioni hiyo Mayala alinikaribisha kwake. Mkewe, Koleta, alikuwa anasonga ugali wa mtama kwenye jiko la uani, na mlenda wa karanga ulikuwa tayari umeshaepuliwa. Tulikaa kwenye vigoda hatua chache kutoka motoni. Nilikuwa na wazo, na lilinifanya nishindwe kukaa vizuri.

"Mzee, fomu inasema mawe yaonekane siku ya kutiwa sahihi. Siku hiyo ni kesho! Ukijua mawe yaliko, tunaweza kuyarudisha kabla ya saa sita. Mashimo tunayo, mkaa tumeuona. Unajua yaliko?"

"Thelathini na sita kati ya hayo arobaini nayajua," alisema, kama mtu anayesema anajua siku za wiki. "Majiko kumi na mawili, nyumba kumi na mbili, mafiga matatu kila jiko. Kwa Bi Tufaha, kwa Saleha, kwa mama wa fundi baiskeli... Manne ndiyo yaliyopotea. Nimeyatafuta miaka tisa. Nilifika mpaka Urambo, nikidhani yamesafiri."

"Unajua! Basi twende sasa hivi tukawaambie!"

"Hapana."

"Hapana?"

"Jiwe moja ukilitoa jikoni, chungu kinalala. Mimi niende mlango kwa mlango niwaambie wanawake kumi na wawili wabomoe majiko yao ili mimi nibaki kazini? Kazi yangu ni moja, majiko ni kumi na mawili. Hesabu hiyo hata chuoni kwenu inajulikana."

"Si kazi yako tu! Ni ofisi! Ni mali yao!"

"Basi ni juu yao. Mimi siendi kuomba." Akageuza shingo. "Koleta, ugali unaungua."

Koleta alikuwa ameacha mwiko ndani ya sufuria. Alikuwa amesimama wima, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

"Baba Nyamizi," alisema hatimaye, "usinipige."

"Nimewahi kukupiga lini?"

"Basi usianze leo."

Akaepua sufuria, akachota maji kwa kata, akamwagia figa la kwanza. Likafuka mvuke. Udongo mwekundu alioukandika juu yake kila Jumamosi ukaporomoka, na chini yake tukaona saruji, na kwenye saruji kipande cha chuma, na kwenye chuma namba. Akamwagia la pili. Akamwagia la tatu.

"Uliniambia mafiga haya umeyanunua Urambo," alisema Mayala polepole.

"Ungeniacha nipikie nini? Mume wa kuhesabu hatua ninaye, wa kuniletea mafiga sina!"

Mayala aliinuka, akainama, akasoma namba zote tatu. Kisha mtu huyo mrefu akakunjika kama futi ya seremala, akakaa mchangani, akacheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Urambo!" alisema. "Nimekwenda mpaka Urambo! Miaka tisa nakula ugali juu yake!" Koleta naye akaketi, wakacheka wote wawili wakishikana mikono, na mimi nikacheka kwa sababu haikuwezekana kutocheka, na ugali ukapoa.

"Sasa ni thelathini na tisa," nilisema nilipopata pumzi.

"Haya matatu chukua," alisema Mayala akijifuta macho. "Hili jiko ni langu, nina haki ya kulibomoa. Hayo mengine, hapana. Nimeshasema."

Matatu yangeokoa kiwanja kimoja tu, na tulihitaji kumi na viwili. Tulikula ugali uliopoa. Koleta alikusanya sahani, akajifunga khanga ya pili.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mayala.

"Kwa Bi Tufaha, kuazima chumvi."

Mtungi wa chumvi ulikuwa mbele yetu, umejaa mpaka shingoni. Mayala aliuona. Mimi niliuona.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda stesheni kumpokea Ndugu Shilinde. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye mkoba, aliyesafiri usiku kucha na aliyetaka kitu kimoja tu duniani.

"Chai," alisema.

"Iko njiani, ndugu."

Haikuwepo. Mgahawa wa kwanza ulikuwa na mlango wazi na moto hakuna. Mama wa uji kwenye kona hakuwepo, wala jiko lake. Tulipita mtaa baada ya mtaa wa Ng'ambo, na juu ya mapaa hapakuwa na uzi hata mmoja wa moshi. Ndugu Shilinde aliniuliza kama mji huu umehamishiwa kijijini. Hapo tukakata kona, nikawaona.

Walikuwa wanakuja katikati ya barabara, katika mstari mmoja mrefu, kwa mwendo uleule ambao babu zao walitembea wakielekea pwani, kila mmoja na mzigo kichwani juu ya kata ya khanga. Mzigo ulikuwa jiwe. Bi Tufaha alikuwa mbele, na binti zake wawili nyuma yake kwa sababu mafiga ni matatu. Masizi yaliwatiririka mpaka mashavuni. Waliimba wimbo wa mwaka sitini na tatu, ule wa kung'olea, na sasa waliutumia kupandia.

"Bwana Fomu!" aliita Bi Tufaha. "Leo Ng'ambo hakuna chai! Tunamrudisha mkoloni, lakini safari hii anafanya kazi kwetu!"

Mayala alikuwa ameshafika kiwanja cha kwanza, mnyororo chini, kijiti mkononi. Uso wake sikuweza kuusoma. Alipokea jiwe la kwanza kutoka kichwani kwa Saleha, akasoma namba, akatembea, akalikalisha juu ya mkaa wake, akashindilia. Ndugu Shilinde, bila chai, akavua koti, akachukua utepe mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu yeyote. Akapima. Akaangalia ramani. Akapima tena. "Upana wa kidole," alisema kwa sauti kavu. Lakini kuanzia kiwanja cha tatu alikuwa anakimbia.

Saa nne vilikuwa vimefaulu tisa. Saa tano kasoro robo, kumi na tatu. Jiwe moja lilikuwa na ufa wa moto, mama wa fundi baiskeli akalifunga kwa waya wa breki. Koleta alileta yake matatu, moja baada ya jingine, akiwapita majirani waliokuwa wanamwita Mwenye Duka la Urambo. Kumi na nne. Kumi na tano! Nilirusha fomu hewani, nikalazimika kuziokota zote, na saa sita kasoro dakika ishirini Ndugu Shilinde alihesabu kumi na tisa.

"Bado kimoja," alisema. "Kiwanja cha ofisi. Kimepungukiwa jiwe moja. Inatosha, ofisi inabaki, nitatia sahihi. Lakini naona aibu kuandika kwamba ofisi ya viwanja haijui pembe yake yenyewe."

Tulirudi ofisini wote, mtaa mzima, na Ndugu Shilinde akataka kuketi. Kiti kilikuwa kimoja, na Humaidi alikuwa amekikalia akijaza daftari. Kwa hiyo mkubwa wangu akajikalisha kwenye jiwe la mlango wa masjala, lililolazwa chini, akanyanyua mguu, akaanza kupangusa tope la kiatu kwenye ncha yake.

Humaidi aliacha kuandika. Mimi niliinama kuangalia. Tope lilikuwa linabanduka, na chini ya kiatu cha Ndugu Shilinde kulikuwa na kipande cha chuma.

"Simama, ndugu," alisema Mayala kwa heshima kubwa. "Umekalia namba mia mbili na moja."

Kelele iliyopigwa hapo ilisikika stesheni. Jiwe lilitolewa nje juu juu, likapita mikononi, likafika shimoni kabla mnyororo haujanyooshwa. Upana wa kidole. Mayala akashindilia, akafuta jasho, akasema maneno yake ya siku zote:

"Mwenye kiwanja asimame, ataje jina."

Watu wakamwangalia Ndugu Shilinde. Akapanda juu ya jiwe kwa mguu mmoja, akayumba. "Ofisi ya..."

"Ofisi haina miguu," alisema Mayala. "Jina."

"Shilinde." Akateremka, akaona haya, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia Bi Tufaha, kwa sababu yeye pia aliyasikia maneno yale ya jukwaani mwaka sitini na tatu. "Lakini hiki ni mali ya umma. Mimi si mwenye kiwanja peke yangu."

Bi Tufaha hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipanda. "Tufaha!" Nyuma yake Saleha. Nyuma yake mama wa fundi baiskeli, ambaye alishikiliwa kiunoni. Humaidi bin Nabhan, kanzu imeshikwa juu, akataja jina na la baba yake na la babu yake mpaka akaombwa ateremke. Nilipanda na mimi. Mstari ulizunguka nyumba, mikono yote ina masizi, na saa sita ikapita bila mtu kuiangalia.

Wa mwisho alikuwa Koleta. Alisimama kwa mguu mmoja bila kuyumba, akamwangalia mumewe. "Koleta," alisema. "Na nataka mafiga."

Mayala alishika mkono wake akamteremsha. Kisha akapanda yeye, mtu aliyechimbia mawe yote ya Ng'ambo na ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kusimama juu ya hata moja, akainua mguu mrefu wa kushoto, na akasema jina lake polepole, kama mtu anayehesabu hatua ya kwanza.